Wapenzi wa Injini Kwenye Ufuko Usio na Reli

Msafiri afikaye Nchelenge hasikii honi ya garimoshi. Mkoa mzima wa Luapula, huko kaskazini mwa Zambia, hauna hata hatua moja ya reli. Barabara hutoka Mansa, hulifuata bonde la mto Luapula kupitia Mwansabombwe, ikafika Nchelenge na soko la Kashikishi, na hapo mbele yako ni maji matupu: Ziwa Mweru, na ng'ambo yake, siku ya anga safi, vilima vya Kongo. Kelele za mashine zisikikazo hapo ni za mitumbwi iendayo visiwani, na za malori yapakiayo chisense, ambao ni ndugu wa dagaa wetu, kuwapeleka miji ya migodi ya shaba.

Kwa hiyo nilistaajabu sana, mwezi Januari mwaka 2026, kuwakuta wazee watatu chini ya mwembe wa Kashikishi wakibishana kwa ukali juu ya injini za garimoshi. Ulikuwa msimu wa kufunga uvuvi. Kila mwaka, tangu mwanzo wa Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali ya Zambia hukataza kuvua ili samaki wapate kuzaliana, na katika miezi hiyo nyavu hukunjwa na ndimi hukunjuliwa. Vijana waliokuwa karibu wakishona nyavu walicheka tu. Waliniambia kwamba ugomvi huo ni wa miaka mingi, na kwamba hauna mshindi.

Jambo lililonivuta zaidi ni kwamba wazee wale walikuwa wakibishana kwa Kiswahili, katika nchi ya Kibemba. Sehemu ya sababu ni ziwa lenyewe, maana wachuuzi watokao Pweto na Kilwa ya Kongo huja sokoni na Kiswahili chao. Lakini sababu kubwa ilikuwa mama mmoja aliyeketi mlangoni pake akipepeta mahindi, aliyeingilia ubishi ule kila alipoona umepotoka. Kiswahili chake kilikuwa cha Ifakara.

Mumewe ndiye mkubwa wa wale watatu. Amekwisha pita miaka sabini, na majirani humwita kwa heshima BaShikulu, yaani babu. Aliniomba nisimtaje jina gazetini, kwa kuwa, alisema, wenzake waliofanya kazi kubwa kuliko yeye wamekufa bila kutajwa. Alizaliwa huku huku ufukoni, mwana wa mvuvi, akaenda kuwa dereva wa TAZARA. Wa pili alikuwa karani wa stesheni upande wa Kasama. Wa tatu hakuajiriwa na reli hata siku moja. Alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu, aliyechukua magunia yake kwa lori kupitia Kawambwa na Mporokoso, akavuka mto Kalungwishi, mpaka Kasama, ili aipande treni ya kwenda Tunduma.

UBISHI WENYEWE

Ubishi wao ni huu: ipi ilikuwa injini bora, ile ya kwanza ya Mchina au ile ya Mjerumani iliyokuja baadaye?

Hapana budi nimkumbushe msomaji mambo machache. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao haramu tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilijikuta imebanwa koo, kwani shaba yake ilipitia kusini na mafuta yake yalitoka kusini. Mataifa ya Magharibi yaliombwa kujenga reli ya kwenda Dar es Salaam yakasema haina faida. China ikakubali. Mkataba ulitiwa sahihi Peking mwezi Septemba 1967, ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970, reli ikafika Kapiri Mposhi Juni 1975, na tarehe 14 Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi kwa serikali za Tanzania na Zambia. Urefu wake ni kilometa 1,860. Upana wa njia yake ni milimeta 1,067, sawa na reli za Zambia, wala si ule wa milimeta 1,000 wa Reli ya Kati ya Tanzania.

Pamoja na reli hiyo zikaja injini za dizeli zaidi ya 100. Kubwa, zilizovuta treni za masafa, zilikuwa na nguvu ya farasi 2,000 na ziliitwa DFH2; ndogo, za kupangia mabehewa stesheni, zilikuwa na nguvu ya farasi 1,000. Herufi DFH ni kifupi cha maneno ya Kichina yenye maana ya Mashariki ni Nyekundu. Mzee wangu aliyatamka maneno hayo kwa Kichina, taratibu, kama mtu atajaye jina la mwalimu wake wa kwanza.

Injini hizo hazikuwa za aina ya dizeli inayozalisha umeme, ambayo ndiyo imeenea duniani. Zilikuwa za haidroliki. Ili msomaji wa ukurasa huu apate picha, na afikirie sufuria ya uji jikoni kwake. Uji ukikorogwa kwa nguvu kwa mwiko mmoja, mwiko wa pili uliosimamishwa katika sufuria hiyo hiyo, ingawa hauguswi na mtu, utaanza kusukumwa na uji wenyewe. Ndivyo ilivyofanya DFH2. Mashine ya dizeli ilizungusha gurudumu la mapanga ndani ya mafuta mazito, mafuta yakasukuma gurudumu la pili, na hilo la pili ndilo lililozungusha magurudumu ya njiani kwa vyuma na giya. Ni ufundi mzuri, nao huondoa treni pole pole bila kushtua mabehewa. Lakini una ugonjwa wake. Mzigo ukiwa mzito na mwendo ukiwa mdogo, mwiko wa kwanza huenda mbio na wa pili husuasua, na nguvu yote inayopotea katikati hugeuka kuwa joto katika mafuta.

Sasa tazama ilikopelekwa. Kutoka Mlimba, katika bonde la Kilombero, hadi Makambako kwenye nyanda za juu, reli hupanda mlima wenye mahandaki na madaraja mfululizo, na hakuna sehemu ya reli ile iliyowatesa wajenzi kuliko hiyo. Hapo ndipo joto lilipoziumbua injini za kwanza. BaShikulu alinieleza kwamba dereva mgeni alitazama njia, lakini dereva mzoefu alitazama mshale wa joto. Ulipopanda, ulipunguza nguvu. Ulipopunguza nguvu, treni ilianza kulala. Ilipolala, huna la kufanya ila kusimama, kusubiri mafuta yapoe, na kumwomba Mungu uweze kuondoka tena. Usiku mwingine waliigawa treni vipande viwili, wakapandisha nusu, wakarudi kufuata nusu nyingine.

Karani wa Kasama alikuwa amesubiri hapo. Kwa maoni yake hizo hazikuwa injini, zilikuwa birika. Mwaka 1983 zilipofika injini 14 za umeme wa dizeli, zilizotengenezwa na kiwanda cha Krupp cha Ujerumani ya Magharibi kwa mfano wa kampuni ya Kimarekani ya General Electric, zenye nguvu ya farasi zipatazo 3,000 kila moja, ndipo alipoanza kuiamini ratiba aliyoibandika ukutani mwenyewe. Injini moja ilivuta mzigo uliotaka mbili. Kabla ya hapo, alisema, ilimbidi kila siku kuwadanganya abiria kwa upole.

Nakiri kwamba moyoni nilikuwa upande wa karani. Takwimu hazina huruma. Katika mwaka wa 1977/78 reli hiyo ilibeba zaidi ya tani milioni moja, halafu mizigo ikaanza kupungua. Sababu zilikuwa nyingi: Zambia ilirudia njia ya kusini mwaka 1978, bandari ya Dar es Salaam ilisongamana, na madaraja ya Chambeshi yalilipuliwa na majeshi ya Rhodesia Oktoba 1979. Lakini injini zilizolala karakani nazo zilikuwa sababu, na hakuna aliyeihesabu TAZARA ya siku hizo asizitaje.

KITI CHA DEREVA

Hata hivyo, nilimwuliza mzee kwa nini anazitetea. Alinyamaza kitambo, akaingia ndani, akatoka na kikombe cheupe cha enameli chenye ukingo wa buluu, kilichobanduka rangi sehemu ya mshikio. Alipewa na mwalimu wake Mchina walipoagana. Jina la mwalimu halijui kwa ukamilifu, kwa sababu wote waliwaita kwa jina la ukoo tu. Hawakuwa na lugha moja. Mchina aliushika mkono wa mwanafunzi, akauweka juu ya mkono wa kuongezea nguvu, akasukuma pamoja naye, akatikisa kichwa, akarudisha, akasukuma tena. Siku nzima. Walipoikosea injini, mwalimu ndiye aliyetambaa chini yake kwanza.

Kisha mzee akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelipima. Katika reli za kikoloni za kusini, zile zilizopita Livingstone na Lusaka, kiti cha dereva kilikuwa cha Mzungu. Mwafrika alifagia, alilainisha, alibeba, alitandika mataruma. Baba yake mdogo alifanya kazi huko miaka mingi na hakuruhusiwa kuugusa usukani wa breki. Lakini DFH2, tangu siku ya kwanza ya uendeshaji, ilifundishwa kwa vijana wa Tanzania na Zambia. Wapatao 200 kati yao walipelekwa Peking kusomea mambo ya reli tangu mwaka 1972. Wengine kwa maelfu walijifunza papo hapo njiani, na chuo cha Mpika kikaendelea kuwafundisha waliowafuata. Kwa hiyo birika lile, alimwambia karani bila kugeuza uso, ndilo la kwanza kumpa mtoto wa mvuvi wa Mweru mahali pa kukaa.

Karani hakujibu. Mchuuzi wa samaki ndiye aliyesema kwamba yeye alipanda mabehewa ya injini zote mbili, na kwamba tofauti aliyoiona ni moja. Ya Mjerumani ilimfikisha Tunduma mapema. Ya Mchina ilikwama, na mahali ilipokwama ndipo alipouza samaki nusu gunia kwa wanakijiji kabla ya kufika. Tulicheka sote.

MAMA WA IFAKARA

Hapo mama aliweka ungo wake chini.

Yeye na mumewe walikutana Mlimba mwaka ule wa makabidhiano. Wanaume, alisema, wanakumbuka nguvu za farasi. Yeye anakumbuka harufu. Nguo za kazi zilirudi zimelowa mafuta ya dizeli na mafuta mazito ya haidroliki, na hayo ya pili ndiyo yaliyokuwa magumu kutoka. Sabuni ilipoadimika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, wake wa madereva wa Mlimba walirudia maarifa ya bibi zao. Walichuja majivu katika kikapu, wakapata maji makali, wakaloweka suruali usiku kucha, kisha wakazifikicha kwa majani ya mpapai. Mikono ilichubuka. Mtoto wao wa kwanza, alipoanza kutambua watu, alimtambua baba yake kwa harufu ile, na baba alipooga sana mtoto alilia.

Chakula cha safari kilikuwa wali wa Kilombero, si ugali, kwa kuwa ugali uliopoa humkasirisha mwanamume aliyekwama mlimani. Wali ulitiwa katika vyombo vya enameli vinavyopandana, samaki wa kukaanga juu yake, pilipili kando. Kanuni yake ilikuwa kupakia cha siku mbili kwa safari ya siku moja.

Lakini jambo nililotaka msomaji alisikie ni la masikio yake. Nyumba zao zilikuwa karibu na njia. Treni ilipoondoka usiku kuelekea Makambako, wanawake walikuwa macho vitandani wakisikiliza. Injini yenye afya, alisema, ilinguruma kwa sauti moja nene iliyozidi kufifia kadiri ilivyopanda. Iliyokuwa na ugonjwa ilipandisha sauti kisha ikaishusha, ikapandisha, ikashusha, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo kichwani. Wakisikia hivyo, asubuhi wale waume zao waliopangiwa treni hiyo hawakutarajiwa mapema, na jirani mwenye mtoto mchanga alipelekewa kuni bila kuomba. Hakuna ofisi iliyowapa taarifa hizo. Ngurumo ya injini ndiyo iliyowapasha habari.

Nilimwuliza kama aliweza kutofautisha injini moja moja. Alinitazama kama niliyemwuliza kama anaijua sauti ya shemeji yake. Zilikuwapo tatu alizozijua bila kuziona. Moja, mumewe alipoipata, ilimtia hofu.

Wanaume watatu walikuwa kimya. Nadhani hata wao, katika miaka yote ya ubishi, hawakuwa wamelisikia hilo.

INJINI MOJA TU

Sehemu nyingine za dunia wapo watu wanaoitwa wapenzi wa reli. Huandika namba za injini katika vitabu, huzipiga picha, huchanga fedha na kuzinunua zinapostaafu ili zisikatwe. Kwetu mapenzi hayo yameiangukia zaidi injini ya mvuke. Makumbusho ya Reli ya Nairobi yanazo zile jitu za aina ya Garratt, zilizopewa majina ya milima, Mount Gelai na Mount Shengena. Livingstone nako kuna makumbusho ya reli, ambako injini za mvuke zimetunzwa. Si vibaya. Mvuke una uzuri wake, na watalii huupenda. Dizeli ni sanduku la chuma. Haionyeshi viungo vyake, haipigi mluzi wa kimapenzi, na ikifa hufa kimya karakani, ikinyonywa vipuri kwa ajili ya wenzake mpaka ibaki fremu.

Lakini ukitafakari maneno ya mzee, injini ya mvuke katika nchi zetu ni kumbukumbu ya dereva wa kikoloni, na dizeli ya TAZARA ndiyo kumbukumbu ya dereva wetu wa kwanza. Kwa kipimo hicho tumekuwa tukiihifadhi upande mmoja.

Jambo hili si la kuahirisha. Mizigo ya TAZARA ilishuka hata kuwa chini ya tani 100,000 katika mwaka wa 2014/15. Mwaka 2025 serikali za Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba na kampuni ya China ya CCECC, ambao kwa huo reli hiyo itafufuliwa na kuendeshwa kwa miaka 30 kwa uwekezaji wa dola za Marekani zipatazo bilioni 1.4. Njia itakarabatiwa, na injini mpya zitaletwa. Ni habari njema, na wazee wa Kashikishi wameipokea kwa furaha. Karani alikwisha anza kuulizia nguvu zake za farasi. Ila karakana ikisafishwa kupokea vitu vipya, vya zamani huenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Bei ya chuma hupimwa kwa kilo, na katika mizani hiyo fremu ya DFH2 haina tofauti na ya lori bovu.

Ombi la wazee hao ni dogo. Hawaombi injini iendayo. Wanaomba moja tu isimamishwe mahali ambapo mjukuu anaweza kupanda, akaketi kwenye kile kiti, akaushika ule mkono. Karani alipendekeza Kapiri Mposhi, reli ilikoishia. Dereva alipendekeza Mpika, penye chuo na karakana. Mama alisema Mlimba, na kwa mara ya kwanza adhuhuri ile hakuna aliyembishia. Sijui nani katika ofisi zinazohusika husoma ukurasa wa nyumbani, lakini kama yupo, ombi ndilo hilo.

Nililala Nchelenge usiku ule. Mama alipika ubwali, ambao ni ugali wa Wabemba, na chisense waliobaki tangu kabla ya ziwa kufungwa, kwa nyanya na karanga zilizotwangwa. BaShikulu alinywa chai yake katika kikombe cha enameli. Tulipokuwa tukila, mtumbwi wa mashine ulipita gizani ukielekea kisiwani, na mashine yake ilikuwa ikipanda na kushuka sauti. Mama aliacha kutafuna, akasikiliza mpaka ikapotea. Akasema mafuta yake yana maji.

Asubuhi, kabla basi la Mansa halijaondoka, alinipa agizo. Nikipata kupita Mlimba nimnunulie kilo tano za mchele mpya, nimpelekee kwa mtu yeyote aendaye Kasama. Na nikiwa huko, niingie karakani au po pote zinapolazwa zile za zamani, niangalie kama ile moja iliyokuwa ikimtia hofu bado ipo. Alinitajia namba yake bila kufikiri. Nimeiandika katika kitabu changu.